Raba Niliyomwapia Haji ni ya Ujerumani

SEHEMU YA TISA

Wapo walioniandikia wiki hii kunitukana. Mmoja wa Khenifra ameniita fundi wa shetani. Sikatai. Lakini soma kwanza ya leo, ndugu yangu, halafu uniongezee majina mengine ukipenda.

Kwa aliyekosa ya nyuma: naitwa Zaid, fundi magari wa Midelt. Gereji yangu iliungua, ndugu zangu wakanikimbia, na mke wangu Itto akachoka na hasira zangu akarudi kwa baba yake pamoja na binti yetu Tuda, mwenye miaka minne. Miezi mitatu nikalala peke yangu kama mwizi aliyejificha.

Ndipo baba mkwe, Haji Bennasser, akaja na teksi yake, Benzi 240 ambayo ni kongwe kuliko ndoa yangu, ikigonga chini ya sakafu kila akibadilisha gia. Raba ya propela ilikuwa imechanika. Akasema mbele za watu: "Alhamisi nakwenda harusini, mji wa Rich. Gari likinifikisha na kunirudisha, Itto nitamleta mwenyewe hadi mlangoni kwako."

Raba hiyo, kwa asiyejua, ni duara la mpira mnene lenye matundu sita. Boliti tatu zinaishika upande wa giaboksi, tatu upande wa propela, mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma. Nguvu yote ya injini inapita hapo, kwenye mpira.

Raba niliyoagiza Meknes haikuja. Jumatano ikafika. Nikakata ya kwangu kwenye mkanda wa kubebea mawe, uliotupwa tangu mgodi wa madini ya risasi ulipofungwa. Midelt yote tunautumia mkanda huo: soli za viatu, bawaba za milango ya mazizi, vikalio vya injini. Hata raba za propela mafundi wazee walikuwa wanakata, ila kwa safari ya kulisogeza gari mji wa pili tu, na mwenye gari anaambiwa.

Mimi sikumwambia. Niliipaka rangi ya viatu ikang'aa. Nikachoma mishale na namba kwa chuma cha moto. Halafu nikamwapia Haji kwa jina la Mungu: "Baba, hii ni ya Ujerumani. Hata harufu ya boksi haijaisha."

Alhamisi asubuhi wakaondoka. Haji kwenye usukani, wafanyabiashara wawili wa mazulia pembeni yake, nyuma kakaa Itto, mama mkwe Rqia, na Tuda mapajani mwa bibi yake.

Tuliishia hapo. Sasa endelea.

Nilikuwa nafagia kilichobaki cha gereji huku naimba. Ndiyo, naimba! Mimoun, mziba pancha wa jirani, akachungulia.

"Wewe vipi leo? Umepata urithi?"

"Mke wangu anarudi Jumapili."

"Akirudi, kwanza akufulie hilo ovaroli. Sikia, nipe hicho kipande cha mkanda kilichobaki nikaweke mlangoni. Mama analalamika matope."

"Beba."

Akakiokota, akakikunja ili kiingie kwapani. Kikafunguka.

Sikusema kilikatika. Kilifunguka. Mpira wa juu ulijibandua kutoka wa chini, ukaacha ngazi: tabaka moja fupi, la pili refu kidogo, la tatu refu zaidi. Mimoun akacheka.

"Kumbe umeokota kiungo cha mkanda! Baba yangu alikuwa anatengeneza viungo hivi mgodini miaka kumi na miwili. Mkanda ukikatika, wanachonga ncha zote mbili ngazi ngazi, wanazilaza pamoja kwa gundi, wanazibana kwa moto. Ukitazama juu huoni kitu. Ila gundi ya enzi zile imeshakufa, si unaona inavyotoka? Hata kwa kucha."

Nikamnyang'anya. Kipande kilikuwa bado na tundu kubwa la mviringo, pale nilipokata raba ya Haji. Mstari wa ngazi zile ulitoka kushoto, ukaingia tundu, ukatokea kulia.

Ulipita katikati kabisa.

"Hapa katikati ulikata nini?" Mimoun akauliza.

Nikapitisha kidole kwenye mstari ule.

"Zaid, nakuuliza, ulikata nini?"

"Raba ya Haji."

"Haji aliyeondoka na watu?"

"Ndiyo, Mimoun! Aliyeondoka na watu! Aliyeondoka na mwanangu!"

Mimoun akaacha kucheka. Alikaa juu ya tairi, akajishika kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Na leo anapanda Talghemt."

Nisimulie kwa wasioujua mlima huo? Hapana. Inatosha ujue kwamba barabara inapanda na kupanda, na upande mmoja hakuna kitu.

Nilichukua spana mbili za kumi na saba nikakimbia hadi njia kuu. Lori la kwanza lilikuwa la Haddou, limejaa tufaha hadi juu. Nikajirusha ndani kabla halijasimama.

"Una wazimu?" Haddou akafoka.

"Twende. Nataka kumkuta Haji Bennasser kabla ya mlima."

"Kakuibia nini?"

"Twende, Haddou, nakuomba!"

"Tunakwenda, si unaona tunakwenda? Tena wewe ndiye uliyenirekebishia klachi mwezi jana. Hii ndiyo kasi uliyoniachia."

Kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kasi niliyomwachia. Nilitaka kulia.

Tumaini langu lilikuwa moja. Haji hapandi Talghemt na njaa. Miaka ishirini lazima asimame kwa Bassou, mkahawa wa chini ya mlima, achomewe nyama, anywe chai glasi tatu, aswali, halafu ndiyo apande. Nikahesabu dakika. Nyama, chai, swala. Nikamwomba Mungu nyama iwe ngumu.

Sasa nawaungamia jambo la kwanza la aibu. Njia nzima sikuwa nawaza namna ya kusema ukweli. Nilikuwa nawaza namna ya kutousema. Nikapata: raba mpya yoyote, baada ya kilomita chache, nati zake hukazwa upya. Hilo ni kweli, fundi yeyote atakwambia. Nitasema nimekuja kukaza nati. Nitaingia chini, nitaona kitu "kibaya", nitalizuia gari, na Itto hatajua kamwe.

Lori likakata kona. Benzi lilikuwa pale kwa Bassou! Nilimbusu Haddou shavuni.

"Toka huko!" akasema akijifuta.

Haji alikuwa anamalizia glasi ya tatu. Aliponiona, nyusi zikapanda.

"Mkwe! Umeshatukumbuka mara hii?"

"Baba, nati. Nimesahau kukwambia, raba mpya lazima ikazwe upya baada ya kilomita chache."

Akawageukia wale wauza mazulia. "Mnaona? Huyu ndiye fundi. Kapanda lori la tufaha kuja kukaza nati za mkwewe. Nani kati yenu ana mkwe wa namna hii?"

Itto alikuwa amekaa pembeni na mama yake, Tuda amelala. Alinitazama. Miezi mitatu hakuwahi kunitazama vile. Alitabasamu kidogo, na lile tabasamu lilinikata kuliko kisu.

Nikaingia chini ya gari.

Raba ilikuwa inang'aa, nzuri, hata mimi ningeinunua. Lakini nilipopitisha kidole pembeni, rangi ya viatu ilikuwa imepasuka. Mstari mwembamba, mwembamba kabisa, unaozunguka ubavu wa mpira. Nikaingiza kucha. Ikaingia.

Nikatoka, nimejaa vumbi.

"Umekaza?" Haji akauliza, ufunguo mkononi.

"Baba, gari lisiende."

"Kuna nini?"

"Raba ni mbovu."

"Raba gani?"

"Niliyoweka jana."

"Ya Ujerumani?"

Sasa mkahawa wote ulikuwa unasikiliza. Bassou alikuwa ameshika mishikaki hewani. Nikamtazama Itto, nikajua nikisema hivi, hilo tabasamu silioni tena maishani.

"Si ya Ujerumani. Niliikata mwenyewe kwenye mkanda wa mgodini. Nikaipaka rangi ya viatu. Nilikudanganya, baba. Inafunguka. Ukipanda nayo mlima, mtakufa."

Haji akaanza kucheka.

"Mnamsikia?" akawaambia watu. "Jana kaniapia kwa Mungu ni ya Ujerumani. Leo ananiambia kaikata kwenye mkanda. Sasa Zaid, uliongopa jana au unaongopa leo?"

"Jana, baba."

"Nitajuaje?"

Ndugu msomaji, hebu nipe wewe jibu la hapo.

"Mimi nitakwambia," Haji akaendelea, na kicheko kikaisha. "Umesikia kuna binamu yake Itto kule Rich amefiwa na mke. Umekaa hukulala. Asubuhi wivu ukakupandisha kwenye lori. Unadhalilisha mikono yako mwenyewe mbele za watu ili binti yangu asifike harusini!"

"Wallahi, baba..."

"Usiape! Wewe usiape tena mbele yangu!"

Mmoja wa wauza mazulia akajipitisha chini ya gari, akatazama, akatoka. "Mbona mpya kabisa? Hadi namba inayo."

Watu wakacheka. Nilijitahidi kueleza kiungo, gundi, ngazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwehu. Niliifanya kazi ile vizuri mno. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu: kughushi kwangu hakukuwa na kasoro.

Itto akasimama.

"Nionyeshe," akasema.

"Itto, kaa chini," Haji akasema.

"Baba, nimeishi naye miaka sita. Akiongopa mimi namjua."

"Jana mbona hukumjua?"

"Jana hukuniita."

Nikarudi chini ya gari, naye akalaza mgongo wake vumbini, na nguo yake ya harusini, akajisogeza chini ya gari pembeni yangu. Vichwa vyetu vilikaribiana. Nilisikia pumzi yake.

"Naona mpira tu, Zaid."

"Soma namba."

Akasoma polepole. Mbili, moja, nane, na mwaka.

"Namba za Ujerumani sizijui," nikamwambia. "Nilichoma nilizozikumbuka. Tarehe ya siku uliyoingia nyumbani kwangu."

Nikadhani atanipiga.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Mpumbavu mkubwa. Umemweka mtoto juu ya kitu hiki?"

"Nisaidie, Itto. Baba yako hatanisikia. Nikitoa nati tatu za mbele, propela inabaki inaning'inia, gari halisogei hata kwa nguvu za majini."

"Toa."

Nikaweka spana moja kwenye kichwa cha boliti, nyingine kwenye nati. Ilikuwa nati niliyoikaza kwa mikono miwili. Ikalia, ikalegea, nikaimalizia kwa vidole, ikaangukia kiganjani. Moja. Nikahamia ya pili.

Nilihisi miguu yangu inashikwa.

"Anafungua gari! Anafungua gari la watu!" Yule muuza mazulia alikuwa ameinama, ameniona. Wakanivuta wawili, yeye na mwenzake, mgongo wangu ukakwaruza mawe. Spana zikanitoka. Itto naye akatoka akipiga kelele.

"Baba, ni kweli! Namba ni za kwake! Gari usiliwashe!"

Haji alimtazama binti yake, vumbi kichwani, mkono wake umeshika mkono wangu. Hakujua ameushika, nami sikujua. Lakini Haji aliuona.

"Aa," akasema. "Kumbe mmepatana. Chini ya gari langu, mbele za watu, mmepatana. Basi baki na mumeo! Mimi nina harusi."

"Sikiliza kwanza, baba!"

"Miaka ishirini napanda mlima huu. Leo nifundishwe na mchoma gereji?"

Alikuwa ameshaingia. Wale wauza mazulia wakajipenyeza haraka mbele, kila mmoja anaogopa kuachwa. Mama Rqia, maskini, tangu tulipokuwa chini ya gari alikuwa amesharudi kiti cha nyuma kumkinga mtoto na jua. Alitoa kichwa dirishani.

"Bennasser, ngoja kidogo, tumsikie Itto..."

"Tumeshachelewa!"

Injini ikanguruma.

"Tuda!" Itto akapiga yowe. "Baba, mtoto! Niachie mtoto!"

Alikimbilia mlango wa nyuma. Vidole vyake vilishika kitasa, nikaviona vikishika, halafu gari likaruka mbele kwa hasira za Haji na kitasa kikamponyoka. Akaanguka kifudifudi. Nikamrukia, nikamwinua, akanisukuma, akakimbia, akaanguka tena.

Lile nililoliombea miezi mitatu nilikuwa nimelipata. Mke wangu alikuwa amesimama upande wangu.

Nikageuka kumpungia Haddou alete lori. Nilipoinua mkono ndipo nikahisi kitu kigumu kiganjani.

Nati.

Hili, ndugu msomaji, sijapata kumwambia mtu. Si polisi, si kadhi, si mama yangu. Kuhusu mkanda niliungama mbele ya mkahawa mzima. Kuhusu nati ile nilifunga kiganja. Itto aliniuliza palepale, "Ulishafungua chochote?"

Nikamjibu, "Hapana."

Upande wa mbele boliti mbili na nusu, kwa maana ya tatu ilibaki bila nati. Raba inayobanduka ilikuwa imeshikwa na boliti mbili na nusu, na mimi ndiye niliyeipunguza. Kama nisingekuja, labda ingefika. Hiyo ndiyo fikra iliyoingia kichwani mwangu pale, na mpaka leo haijatoka.

"Haddou!" nikalia. "Haddou, washa!"

"Nimewasha! Panda!"

Tukapanda mimi na Itto. Lori likaanza kujikokota. Benzi lilikuwa mbele, mita mia mbili, mia tatu, linapanda kona ya kwanza. Lilipita. Linapanda ya pili. Lilipita.

Itto alikuwa anasema maneno ya Qur'ani bila kupumua. Mimi nilitoa kichwa nje, nasikiliza. Fundi husikia gari kabla ya kuliona. Gia ya tatu. Akashusha ya pili, na aliposhusha nikasikia kishindo kimoja chini ya sakafu, duk, kama mtu kagonga mlango kwa ngumi.

"Ni nini hicho?" Itto akaniuliza.

"Kimya."

Duk. Duk. Halafu duk duk duk duk, haraka, na moshi mweusi. Haji alikuwa anakanyaga mafuta. Alidhani gari limechoka.

"Acha mafuta, baba," nikanong'ona, kana kwamba atanisikia. "Acha mafuta, simama tu, simama!"

Ukaja mlio ambao sitausahau. Chuma kinapiga chuma, kinapiga sakafu, kinapiga tena. Propela imejing'oa mbele na inazunguka ovyo chini ya gari, na najua kinachopita chini pale, kwa sababu nimelala chini ya Benzi nusu ya maisha yangu: kamba ya hendibreki, na bomba la mafuta ya breki.

Halafu mlio wa injini ukapanda ghafla, ukawa mwepesi, kama haijabeba kitu.

Benzi likapunguza mwendo. Likasimama katikati ya mlima. Sekunde moja lilikaa hivyo, na Itto akasema, "Alhamdulillahi, limesimama."

Nilikuwa natazama magurudumu.

Taa za breki ziliwaka nyekundu. Ziliendelea kuwaka, Haji kakanyaga kwa nguvu zake zote, na bado gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea kwetu, upande wa kule ambako hakuna kitu.

"Zaid," Itto akasema. "Zaid, fanya kitu. Wewe ni fundi, fanya kitu!"

Kwenye kioo cha nyuma kikatokea kichwa kidogo. Tuda alikuwa ameamka. Alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, ametutambua mimi na mama yake kwenye lori la tufaha, na alikuwa anatupungia mkono, anacheka, kwa sababu alidhani babu yake anaturudia.